Siri za Lubiri, Deni la Arua

Arua haijawahi kuwa na mfalme. Ilianza kama boma la Waingereza mwaka 1914, pale eneo lake, West Nile, lilipotolewa Sudan na kutiwa Uganda. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, nchi aliyoishika Leopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Walugbara na Wakakwa wa huko walitawaliwa na koo na wazee wao. Fitina za jumba la kifalme zilikuwa mambo ya Mengo, makao ya wafalme wa Buganda, mbali kusini.

Kwa watu wa West Nile, barabara ya kufika Mengo ilikuwa jeshi. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946, na kufikia katikati ya miaka ya sitini alikuwa naibu kamanda wa jeshi. Waasi wa Kongo walipohitaji silaha, yeye ndiye aliyekuwa kiungo chao na serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote, na mpaka uko hapo hapo Arua. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akadai kwamba dhahabu na pembe za waasi zilikuwa zimejaza akaunti ya Amin benki. Obote hakumgusa Amin. Aliwakamata mawaziri wake watano katikati ya kikao cha baraza, kisha akamwondoa Rais, ambaye ndiye pia aliyekuwa Kabaka, mfalme wa Buganda: Mutesa II.

Tarehe 24 Mei 1966 Amin akaishambulia Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akakimbilia nje ya nchi, akafia London Novemba 1969. Taarifa rasmi ilitaja pombe. Waganda wengi hadi leo wanataja sumu. Januari 25, 1970, Brigedia Pierino Okoya, aliyekuwa amegombana na Amin, aliuawa kwa risasi pamoja na mkewe karibu na Gulu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Amin akatwaa nchi. Aliyemfukuza Kabaka sasa akairudisha maiti yake izikwe Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, na Waganda wakamshangilia. Siasa haina haya.

Ila wanaosimulia kisa hiki huruka mwaka 1974, na hapo ndipo penye utamu na uchungu wake. Februari Amin alimfukuza waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, Mlugbara, akampa kiti chake Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Machi maiti ya Ondoga ikapatikana katika mto Nile. Mwezi huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin mwenyewe, alijaribu kumpindua, akafa Kampala. Ikasemwa amejiua.

Amin aliangushwa Aprili 1979 akaondoka zake. Askari wake walipovamia kutoka ng'ambo ya mpaka Oktoba 1980, jeshi jipya la Uganda lililipiza kisasi kwa raia. Watu wa Arua na Koboko walimiminika Zaire na Sudan kwa maelfu. Juni 24, 1981, askari waliingia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, wakaua makumi ya watu waliokuwa wamejificha humo.

Anayeiita West Nile nchi ya Amin akumbuke kwamba Ondoga na Arube nao walikuwa wana wa huko, na waliokufa Ombaci hawakuwahi kuiona Lubiri kwa bunduki mkononi.