UNATAKA VYETI VYAKO VIKUBALIKE NJE YA NCHI? ANZIA IFAKARA, USIKIMBILIE DAR



Kila msimu wa kuomba udhamini wa masomo ukifika, na kila habari za kazi Oman au Dubai zikizagaa mtaani, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Cheti changu nikagonge muhuri wapi ili kikubalike nje?" Wengi wanataka niwatajie ofisi moja, wapande basi la alfajiri, wagonge, warudi. Ofisi ya hivyo haipo. Kuna mnyororo wa ofisi, na mnyororo wenyewe unaanzia huku huku kwetu bondeni.

Mimi si mwanasheria, nimemaliza sekondari tu. Lakini hili suala nimelifuatilia vya kutosha, kwa hiyo naliweka hapa lote ili mtu aliyekaa kwenye kompyuta ya kafe aprinti aondoke nalo.

KWANZA TUELEWANE: MUHURI UNASEMA NINI?

Chukua cheti cha kuzaliwa kilichotolewa bomani Ifakara. Ofisa wa chuo kule Beijing au wa kampuni kule Muscat hamjui msajili wa Wilaya ya Kilombero, wala hajawahi kuona saini yake. Sasa atajuaje kwamba hujaichora mwenyewe? Ndipo mnyororo unapoanza. Makao makuu ya usajili yanasema: huyu msajili ni wetu. Wizara ya Mambo ya Nje inasema: huyu ofisa wa usajili tunamtambua. Ubalozi wa nchi unayokwenda unasema: muhuri huu wa Wizara ya Tanzania ni wenyewe. Na kule nchini kwao wanaujua ubalozi wao.

Kila muhuri unamtambua aliyetangulia, basi. Hausemi kwamba wewe ni mtu mzuri, wala kwamba ufaulu wako unatosha. Ndiyo maana huwezi kuruka hatua. Ukienda ubalozini na cheti ambacho Wizara haijakigusa, watakurudisha. Ukienda Wizarani na cheti ambacho mwenye kukitoa hajakihakiki, nao watakurudisha.

Na kurudishwa kwa mtu wa Ifakara sio kurudi mtaa wa pili. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400, Dodoma ni karibu 500. Aliyetoka Malinyi au Mahenge ana safari ndefu zaidi, hata kama siku hizi Daraja la Magufuli limemwondolea foleni ya kivuko. Nauli, gesti, chakula, halafu unaambiwa "rudi ulikotoka". Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyeuza gunia zake za mpunga kwa safari kama hiyo. Aliporudi kurekebisha, tarehe ya mwisho ya maombi ikawa imepita. Hela inatafutwa tena, nafasi hairudi.

HATUA YA 1: MAJINA YAFANANE

Kabla ya muhuri wowote, panga mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, kitambulisho cha NIDA na pasipoti kama unayo. Soma herufi moja moja. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Rashidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Rashid kwenye cheti cha shule, na kwenye NIDA jina la babu limekaa katikati. Sisi tunaona ni yule yule. Ofisa wa ubalozi anaona watu watatu.

Tofauti ndogo mara nyingi inaelezwa kwa hati ya kiapo unayoapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Ukiwa umebadili jina kabisa, unahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, kiapo pekee hakitoshi. Lakini ukiweza, sahihisha kwenye ofisi iliyokosea. Karatasi ya kuelezea kosa nayo itadaiwa mihuri yake.

Angalia pia tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo wengi hunaswa.

HATUA YA 2: RUDI KWA ALIYEKITOA

CHETI CHA KUZALIWA. Kwa Tanzania Bara mwenye kazi hii ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao ulizinduliwa mwaka 2006. Ofisi ya usajili ya wilaya ipo bomani, kwa hiyo wa Ifakara, Mang'ula, Kidatu na Mlimba wanaanzia kwa Wilaya ya Kilombero, wa Mahenge wanaanzia Ulanga. Uhakiki wenyewe unaombwa kwenye mfumo wa eRITA: unaskani cheti, unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu, unasubiri majibu. Hapo kafe au steshenari panatosha, basi bado hujalipanda. Waliozaliwa Zanzibar wana wakala wao, ZCSRA.

Angalizo: ule uhakiki wa RITA uliofanya ili uombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa kwa matumizi ya ndani. Usidhani ndio unaokufikisha ubalozini. Ukiwa unakwenda nje, sema hivyo unapoomba.

Huna cheti kabisa? Wapo wengi, hasa tuliozaliwa vijijini. Anza mapema, manake usajili wa mtu mzima unataka ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, barua ya mtendaji, vitambulisho vya wazazi. Usisubiri mpaka upate barua ya chuo ndio uanze kutafuta kadi ya kliniki ya mwaka uliozaliwa.

CHETI CHA FORM FOUR AU FORM SIX. Mwenye nacho ni NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973. Matokeo uliyoyaprinti kwenye tovuti si cheti. Ile "living" uliyopewa na mkuu wa shule nayo si cheti cha NECTA, ni karatasi ya shule. Vyuo vingine vya nje vinataka NECTA ithibitishe matokeo kwao moja kwa moja, kwa hiyo soma maelekezo ya chuo kabla hujalipia kitu. Kwa baadhi ya matumizi utaambiwa upitie pia Wizara ya Elimu.

VYETI VYA VYUO. Ufundi uliosomea VETA, rudi VETA. Cheti au diploma ya chuo cha kati, anzia chuoni kwako na NACTVET. Digrii, anzia chuo kilichokupa, na TCU ikihitajika. Wadogo zetu wanaosomea udaktari na uuguzi hapa Ifakara na wana ndoto za kwenda mbali walijue hili mapema.

CHETI CHA TABIA NJEMA. Hiki kinatolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Waajiri wengi wa nje wanakitaka, na hawapokei cha zamani. Kwa hiyo usikianze mwanzo kikachakaa huku unahangaikia vingine. Vivyo hivyo kipimo cha afya: fomu ya udhamini wa serikali ya China, kwa mfano, inahesabu majibu ya afya kuwa hai kwa miezi 6 tu.

KILICHOPOTEA. Mto Lumemo ukifurika tunajua kinachotokea: godoro linaelea, na bahasha ya vyeti inaelea. Aliyepoteza anaanza polisi kuchukua ripoti ya upotevu, halafu anaifuata ofisi iliyotoa cheti. Na ushauri wa bure: skani vyeti vyote leo, jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Skani haigongwi muhuri, ila inakupa namba za cheti, na namba hizo ndizo watakazokuuliza.

Kitu kingine, usikifanyie cheti leminesheni. Muhuri haushiki kwenye plastiki.

HATUA YA 3: NAKALA NA TAFSIRI

Muhuri wa wakili ndio tunaoujua sana mtaani, na ndio unaotuchanganya. Wakili anayegonga nakala yako anasema tu: nimeiona orijino, na nakala hii inafanana nayo. Hajathibitisha kwamba orijino ilitoka NECTA. Kwa maombi mengine nakala ya hivyo inatosha kabisa. Kwa mengine ni mwanzo tu. Maelekezo ya unakokwenda ndiyo yanayoamua.

Hati ikiwa ya Kiswahili na unakokwenda hawakijui, inataka tafsiri rasmi. Usimpe mshikaji anayejua Kiingereza. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, linafanya kazi ya kutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Uliza kwanza ubalozini wanapokea tafsiri ya nani, manake nchi nyingine zina wafasiri wao.

HATUA YA 4: WIZARA YA MAMBO YA NJE

Hapa ndipo mnyororo wa ndani unapoishia. Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inathibitisha kwamba saini na muhuri wa ofisi ya Tanzania ni wa kweli. Makao makuu ya Wizara yapo Dodoma. Kabla hujakata tiketi piga simu, uliza mambo manne: huduma inatolewa ofisi gani, siku gani, wanataka orijino au nakala, na malipo ni kiasi gani. Simu ya dakika tano inaokoa kilomita 500.

HATUA YA 5: UBALOZI

Balozi nyingi zipo Dar es Salaam, pamoja na za Oman na China. Nchi ambayo haina ubalozi kwetu, mara nyingi inahudumiwa kutoka Nairobi au mji mwingine, kwa hiyo jua hilo kabla ya kuhesabu siku. Kila ubalozi una ada yake, siku zake na masharti yake. Uliza kwa barua pepe na uyahifadhi majibu. Mtu wa dirishani akikwambia vingine, una cha kumwonyesha.

HII "APOSTILLE" NI NINI?

Utakutana na neno hili kwenye fomu nyingi. Tarehe 5 Oktoba 1961 nchi kadhaa zilikubaliana kule The Hague kufupisha mnyororo: badala ya mihuri ya wizara na ya ubalozi, karatasi moja tu kutoka mamlaka ya nchi yako, na nchi wanachama zinaikubali. Karatasi hiyo ndiyo apostille. Kwa majirani zetu, Malawi imo, Burundi iliingia 2015, Rwanda ilianza tarehe 5 Juni 2024. China ilianza tarehe 7 Novemba 2023. Oman nayo imo.

Sasa sikilizeni vizuri. Inatakiwa nchi zote mbili ziwe wanachama. Hadi mwisho wa 2024 Tanzania haikuwa imejiunga. Kwa hiyo China na Oman kuwemo hakutusaidii, sisi tunapita njia ndefu ya Wizara na ubalozi. Orodha ya wanachama ipo kwenye tovuti ya HCCH, iangalie siku unayoanza safari yako. Tukiwa bado nje, fomu ikikuambia ulete apostille, waandikie kwamba Tanzania si mwanachama na uulize kama wanakubali uthibitisho wa ubalozi. Na kishoka akikuambia anakupatia "apostille ya Tanzania" kwa siku mbili, achana naye, anakuuzia kitu ambacho hakipo.

VISHOKA

Najua kinachowavuta. Umbali, foleni, na mtu anayesema "nipe elfu kadhaa, kesho unapata". Lakini fikiria mnyororo ule. Ofisi iliyotoa cheti ina kumbukumbu zake, na siku yoyote mtu anaweza kuiuliza. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini. Kilichowaumbua ni kulinganisha karatasi zao na kumbukumbu za NECTA, basi.

Kwa Kanuni ya Adhabu, kughushi hati kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 7. Na muhuri ukiwa feki, anayekamatwa ni aliyeshika cheti. Kishoka kesho yupo stendi nyingine. Ukikamatiwa ugenini ndio balaa zaidi, huna ndugu wa kukuletea hata sabuni.

KWA UFUPI, MTU WA BONDENI AFANYE HIVI

1. Soma masharti ya chuo au mwajiri, uyaandike.
2. Linganisha majina na tarehe kwenye hati zote.
3. Maliza Ifakara kila kinachowezekana: bomani, kafe, wakili, polisi.
4. Pata uhakiki wa RITA, NECTA au chuo chako.
5. Tafsiri kama inahitajika.
6. Piga simu, halafu nenda Wizarani.
7. Ubalozini mwisho.
8. Kila karatasi iliyogongwa, iskani siku hiyo hiyo.

Mtu asiye na haraka anaweza kuanza namba 2 na 4 hata kama bado hajapata chuo wala kazi. Huko ndiko kushinda. Nafasi za nje huwa zinatangazwa zikiwa na wiki chache tu mbele, na anayezipata mara nyingi si aliyefaulu kuliko wote, ni yule ambaye bahasha yake ilikuwa tayari.

Haya wadau, aliyepita njia hii hivi karibuni na ana la kuongeza kuhusu ubalozi fulani, aseme ili wengine wapone nauli.

Nawasilisha.