Uungwana katika njia ya misafara ya Tabora

Uungwana ni hali ya mtu huru mwenye adabu na malezi mema. Pwani ulirithiwa pamoja na nasaba na nyumba ya mawe. Bara, kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ulikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukichuma.

Matumizi katika karne ya 19

Tabora, ambayo wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliijua kwa jina la Kazeh walipofika mwaka 1857, ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika eneo la Unyanyembe. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka pwani walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Walitambulika kwa kanzu, kofia, Kiswahili na Uislamu. Asiye na hayo aliitwa mshenzi. Dharau hiyo haikuwastahili Wanyamwezi, wenyeji wa huko, hata kidogo, kwani walikwishafika pwani na bidhaa zao kabla Waarabu hawajaweka makao Unyanyembe, na katika upagazi hawakuwa na mshindani.

Maiti ya Livingstone

Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alikaa katika tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingojea wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walifika Agosti 1872, akaondoka nao. Alipofariki katika kijiji cha chifu Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, watu wake wakiongozwa na watumishi wake Susi na Chuma waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walimkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Unyanyembe. Aliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa kabisa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Ni vigumu kutaja mfano bora zaidi wa uungwana katika njia hii nzima, nao ulitolewa na watu ambao pwani wasingehesabiwa waungwana.

Kingwana

Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kilichoenezwa na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, kiliitwa Kingwana kutokana na waungwana hao.

Leo

Neno uungwana linamaanisha adabu tu, bila kujali nasaba. Methali yasema uungwana ni vitendo. Tembe la Kwihara ni makumbusho.