Maji ya Hola: Mto Tana na Wajibu wa Dola Kujibu

Demokrasia huria, yaani utawala wa wananchi uliowekewa mipaka na katiba, mahakama na haki za kila mtu, hupimwa mara nyingi kwa kutazama sanduku la kura. Hata hivyo, historia ya bonde la chini la Mto Tana nchini Kenya, kutoka Hola hadi Garsen na delta yake, inaonyesha kwamba tofauti kati ya utawala huo na ule wa kimabavu hudhihirika zaidi katika swali la nani anayelazimika kutoa maelezo pindi mtu anapofia mikononi mwa serikali.

Baada ya Gavana wa kikoloni, Evelyn Baring, kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, maelfu ya Wakenya walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni, walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na walioonekana wakaidi kupita wengine wakapelekwa Hola, kwenye joto la ukingo wa Tana, mbali na makwao ya milimani. Tarehe 3 Machi 1959 wazuiliwa 85 walitolewa kambini wakachimbe mfereji wa kumwagilia mashamba, na askari wakawapiga virungu hata 11 kati yao wakafa. Taarifa ya serikali ilidai kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji lililokuwa pale kazini. Dai hilo halikuvunjwa na jeshi wala na uchaguzi, bali na utaratibu wa kawaida uitwao uchunguzi wa kifo, ambapo hakimu hutafuta aliyekufa ni nani, alikufa lini na kwa sababu gani. Ushahidi wa kitabibu ulionyesha majeraha ya kipigo, na hadithi ya maji ikaishia hapo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, lakini habari ilifika hadi Bunge la Uingereza, ambako mwezi Julai Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, alipinga vikali wazo la kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Waingereza na kingine kwa Waafrika. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa.

Jambo linalopaswa kuwafikirisha wasomaji wa historia ni kwamba kinga hiyo ya uchunguzi wa kifo ndiyo iliyoondolewa Tana River baada ya uhuru. Wakati wa vita vya shifta, vilivyotokana na madai ya kuliunganisha eneo la kaskazini mashariki na Somalia, wilaya ya Tana River, pamoja na Lamu, Isiolo na Marsabit, iliwekwa chini ya kanuni maalumu, na kanuni za mwaka 1966 zilifuta ulazima wa uchunguzi wa kifo pale mtu alipouawa na askari wa usalama aliyekuwa kazini. Sheria iliyopitishwa mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao katika maeneo hayo kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Kanuni hizo zilidumu miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza, zikapita mfumo wa chama kimoja uliotiwa katika katiba mwaka 1982 na kura ya mlolongo, yaani ya kupanga foleni hadharani, ya mwaka 1988, hadi zilipofutwa mwaka 1991, mwaka ule ule vyama vingi viliporuhusiwa tena.

Vyama vingi peke yake havikutosha. Kuanzia Agosti 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa serikali za kaunti, mapigano kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, yaliyochochewa na ugomvi wa mashamba na malka, yaani njia za mifugo kuelekea mtoni, yaliwaua watu zaidi ya 100 katika vijiji vya delta kama Riketa, Kilelengwani na Kipao. Kwa upande mwingine, Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, iliziagiza taasisi za serikali kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na maji kwa kuwashirikisha wakazi wenyewe, na hapo dola iliyozoea kuamrisha ikalazimika kueleza na kusikiliza.

Waswahili husema, "Mgala muue na haki yake mpe", na Mgala ni jina la zamani, lisilopendwa leo, ambalo majirani waliwaita Waorma na jamaa zao. Methali inakubali kuua, na ukali wake hauwezi kufichwa, lakini inamwachia hata aliyeuawa haki yake. Kanuni za 1966 hazikufikia kipimo hicho, kwa kuwa zilimnyima marehemu hata kuulizwa habari zake. Sheria ya mwaka 2017 ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilikaa kwa miaka bila kutekelezwa kikamilifu, na Juni 2024 vijana walipopigwa risasi katika maandamano ya Nairobi, swali la hakimu wa mwaka 1959 lilirudi vile vile: amekufa nani, lini, na kwa sababu gani.