Dohani ya Jirani: Kodi ya Meko, Gharama ya Moto na Watoto wa Masizi Nchini Uingereza, 1662–1875

Historia ya nishati ya majumbani mara nyingi huandikwa kuanzia migodini au viwandani. Makala hii inaanzia mahali pembamba zaidi, ndani ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi katika nyumba za nchi za baridi. Hoja yetu ni kwamba kila mara kaya za Uingereza zilipotafuta nafuu katika gharama ya moto, nafuu hiyo ilipitia katika ukuta wa jirani au katika mwili wa mtu asiye na sauti, na sheria zilichelewa kulitambua jambo hilo.

Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilimpatia Mfalme Charles II kodi ya meko: shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, zikilipwa kwa awamu mbili. Maskini walisamehewa kwa masharti, lakini tanuri la mwoka mikate halikusamehewa. Wananchi waliiita kodi hiyo fedha za dohani, na jina hilo lina maana yake: meko imo ndani, dohani iko juu ya paa ambapo kila mpita njia huiona. Tangu 1664 wakusanyaji walipewa mamlaka ya kuingia ndani ya nyumba na kuhesabu. Watu nao wakajibu kama watu wanavyojibu popote kodi inapofungamanishwa na kitu kinachoonekana: wakaziba meko na kuhamia wote katika chumba kimoja chenye moto.

Tukio la kijiji cha Churchill, katika jimbo la Oxfordshire, linastahili kutazamwa kwa karibu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1684 mwoka mikate mmoja, mwanamke, alitoboa ukuta na kuliunganisha tanuri lake na dohani ya jirani ili asitozwe kodi kwa dohani yake mwenyewe. Kwa hesabu ya mfuko, uamuzi huo ulikuwa na mantiki kamili. Kwa hesabu ya moto, ulikuwa hatari. Moshi wa kuni huacha masizi na utomvu unaoganda kwenye kuta za dohani, na utando huo ukishika moto huwaka kwa ukali mkubwa. Dohani iliyojengwa kwa ajili ya meko moja, ikipokea joto la tanuri la biashara kupitia tundu lililotobolewa kiholela, haina namna ya kulistahimili. Moto ulioanzia hapo uliteketeza nyumba 20 na kuua watu wanne. Ikumbukwe kwamba hilo lilitokea miaka 18 tu baada ya moto mkuu wa London wa 1666, ambao nao ulianzia katika nyumba ya mwoka mikate.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kuuelewa mwenendo huu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia tatu kwa kila nyumba, na jibu la watu wengi lilikuwa kusongamana katika nyumba chache. Serikali ya kikoloni ililazimika baadaye kuongeza kodi ya kichwa. Paa likitozwa, watu hupunguza mapaa.

Kodi ya meko ilifutwa mwaka 1689, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya chuki dhidi ya wageni walioruhusiwa kupekua nyumba za watu. Hata hivyo, hamu ya kubana matumizi haikufutwa nayo. Makaa ya mawe yalipochukua nafasi ya kuni mijini, dohani zilijengwa nyembamba zaidi, na ili kuokoa matofali na nafasi, njia za moshi za meko kadhaa zilipindishwa zikutane katika mnara mmoja, mara nyingi ndani ya ukuta unaotenganisha nyumba mbili. Njia ya inchi 9 kwa 14, takriban sentimita 23 kwa 36, haimpitishi mtu mzima. Humpitisha mtoto.

Ndipo walipoingia watoto wa kupanda dohani. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott alieleza saratani ya ngozi ya korodani iliyowapata wafagiaji dohani na kuihusisha na masizi. Huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya saratani itokanayo na kazi. Sheria ya 1788 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka minane. Ile ya 1840 ilikataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda. Ufagio wa mashine wa George Smart ulikuwa umekwisha kupatikana tangu 1803, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba njia mbadala haikuwapo. Kikwazo kilikuwa gharama: dohani yenye kona kali ilihitaji kubomolewa au kuwekewa vijilango vya kupitishia ufagio, na mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kulipa. Mtoto alikuwa rahisi zaidi. Mahakimu waliotakiwa kusimamia sheria walikuwa, kwa kawaida, wenye nyumba kubwa zenye dohani za aina hiyo hiyo.

Mwaka 1875 mvulana aitwaye George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, akafariki. Bwana wake alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, na Shaftesbury akafanikisha sheria mpya mwaka huo huo. Sheria hiyo haikuleta katazo jipya, kwani katazo lilikuwa na umri wa miaka 35. Ilichokileta ni leseni ya kila mwaka kwa mfagiaji, na wajibu wa polisi kuhakikisha sheria za awali zinafuatwa. Baada ya hapo upandishaji wa watoto ulikoma.