Kuwasha pikipiki kwa usalama katika joto na mchanga wa Turkana

KATIKA miji ya Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana, pikipiki hubeba abiria, maji, makaa na hata wagonjwa. Tangu serikali ilipoondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea kote nchini, na ajali nazo zimeongezeka.

Baadhi ya ajali hizo zingeepukika kabla ya injini kunguruma.

Jambo la kwanza ni ukaguzi. Dereva atazame magurudumu, kwani miiba ya mathenge hutoboa mipira kwa urahisi. Kisha akague breki, taa, mnyororo na kiwango cha oili. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara kwa sababu vumbi likilijaza injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi na hukataa kuwaka.

Petroli, ambayo mara nyingi huuzwa kwa chupa kando ya barabara, imiminwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na sigara na jiko. Tangi lisijazwe hadi mdomoni, maana petroli hufura kwenye joto.

Kabla ya kuwasha, dereva ahakikishe gia iko huru, kisha ashike klachi na breki ya mbele. Pikipiki iliyo kwenye gia huweza kuruka mbele na kumgonga mtoto au mpita njia.

Choki hutumika injini ikiwa baridi. Huongeza petroli na kupunguza hewa. Hivyo, adhuhuri injini ikiwa moto, huilowesha plagi na kuizuia kuwaka. Stata isibonyezwe zaidi ya sekunde tano mfululizo, la sivyo betri itaisha nguvu. Anayetumia kiki avae viatu imara, kwani kiki huweza kurudi kwa kishindo na kuumiza mguu.

Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Mvua inyeshapo, laga kama Tarach, Kakuma, hufurika ghafla. Pikipiki iliyozama isiwashwe kabla fundi hajaondoa maji, kwa kuwa maji hayashindiliki na huweza kuvunja vyuma vya injini.

Abiria apande injini ikishawaka, huku shuka au leso yake ikiwa mbali na gurudumu na mnyororo. Sheria huruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na jaketi za kuakisi mwangaza.

Hatimaye, stendi ya pembeni ikunjwe. Ikisahaulika, hukwama ardhini pikipiki inapokata kona kushoto na kuwaangusha wote. Palipo na mchanga, dereva aondoke polepole, usukani ukiwa umenyooka.

Kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar ni takriban kilomita 120. Dakika mbili za ukaguzi ni fupi kuliko safari hiyo.