Mavazi na Silaha za Milima ya Mitumba

Ifikapo sikukuu ya serikali au ya kanisa katika miji ya Butembo na Beni, na pindi apokewapo mgeni mwenye cheo, aghalabu hutokea mbele ya hadhira kikundi cha vijana ambao kila mtazamaji, mkubwa kwa mdogo, huyatambua mavazi yao papo hapo kuwa ndiyo mavazi ya mababu: vifua wazi, marinda ya nyuzi za mwale viunoni, vitambaa vya madoadoa ya chui vichwani na mabegani, na mikononi mikuki ya bati na ngao za mbao laini zilizopakwa rangi. Ngoma hulia, vumbi hutimka, na hapana aulizaye swali. Nami sina nia ya kuwaharibia watu furaha yao. Ila maadamu michezo ya namna hiyo huonyeshwa mbele ya watoto wa shule kana kwamba ni somo la tarehe, yatupasa kuuliza, kwa taadhima yote, ni mababu wa mwaka gani hao, na ni nani aliyeshuhudia kwamba walivaa hivyo.

Huko Ulaya wako watu ambao, kwa mapenzi tu wala si kwa ujira, huigiza vita vya Enzi za Kati, wakajitengenezea deraya, chapeo na panga, na walio hodari miongoni mwao hawakubali kushona hata tundu moja la kifungo bila ya kuonyesha lilipotoka. Ukali wao una sababu, kwani waliwahi kudanganywa. Wazungu wengi wakubwa kwa watoto wameamini kwamba mabaharia wa kaskazini, wale Vikingi, walivaa chapeo zenye pembe, ilhali sura hiyo ilienezwa zaidi na Carl Emil Doepler, fundi aliyebuni mavazi ya mchezo wa Wagner huko Bayreuth mwaka 1876; na chapeo ya Kivikingi iliyofukuliwa Gjermundbu, nchini Norwe, mwaka 1943, haina pembe hata moja. Kwa upande mwingine, huko Visby katika kisiwa cha Gotland, ambako wakulima waliuawa kwa wingi mwezi Julai 1361 wakazikwa upesi pamoja na silaha zao mwilini, makaburi yalipofukuliwa yalitoa mifupa ya watu zaidi ya elfu moja na deraya za vipande vya chuma zikiwa zimewaambata. Na tangu Bengt Thordeman alipotoa kitabu chake juu yao katika miaka ya 1939 na 1940, hapana mwigizaji wa karne hiyo awezaye kujitetea kwa kusema alikosa shahidi.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini pembe zetu ni madoadoa ya chui. Mimi naona kwamba vazi lile la jukwaani, kwa sehemu iliyo kubwa, halikutoka kwa mababu wa karne ya kumi na tisa bali limetoka katika enzi ya Zaire, pale Mobutu alipotangaza siasa ya kurudia asili, akalibadilisha jina la nchi mwaka 1971, akawataka raia waache majina ya ubatizo, na, akiwa amevutiwa na halaiki alizoziona Uchina na Korea ya Kaskazini, akaagiza kila mkoa uwe na vikundi vya kuimba na kucheza sifa za chama na za kiongozi wake. Vikundi vilivyotoka Equateur, Kasai, Bandundu na Kivu vilikutana katika viwanja vimoja na kutazamana. Na yeye mwenyewe mwenye nchi alikaa mbele yao na kofia yake ya ngozi ya chui. Si ajabu basi kwamba mavazi yalianza kufanana, na kwamba chui, ambaye katika falme nyingi za Kiafrika ngozi yake ilikuwa haki ya mtawala, akawa vazi la kila mchezaji. Lau babu wa kila mchezaji angalivaa chui, milimani asingalibaki chui hata mmoja wa kuwatisha hao mababu.

Hoja ya pili dhidi ya vazi hilo haihitaji kitabu, yahitaji usiku mmoja tu nje ya nyumba. Butembo iko karibu sana na mstari wa Ikweta, lakini imeinuka kadiri ya mita 1,750 juu ya bahari, na njia iendayo Lubero hupanda zaidi. Ukungu hutanda asubuhi, na mvua ya huko si ya kuoga. Mlinzi wa mifugo au mpiga doria wa mpakani hakuukesha usiku wa namna hiyo kifua wazi na rinda la nyuzi. Sir Harry Johnston, aliyeandika habari za Uganda katika kitabu kilichotoka mwaka 1902, aliwataja Wakonjo wa mteremko wa mashariki wa Rwenzori, ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wanande wa Butembo na Beni, wote wakijiita Wayira, kuwa walijifunika majoho ya ngozi za wanyama wa milimani, na hasa za pimbi, ngozi ndogo ndogo zilizoshonwa pamoja hadi zikatosha mabega ya mtu mzima. Fikiri kazi iliyomo katika vazi kama hilo: pimbi si mkubwa kuliko sungura, na kila ngozi yataka kutegwa, kuchunwa, kuwambwa, kukaushwa na kulainishwa kabla sindano haijaigusa. Pamoja na ngozi za mbuzi, ambaye kwa Wanande ndiye mnyama wa mahari na wa karamu, kulikuwapo nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, gome linalobanduliwa shinani kwa uangalifu, likalainishwa na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likatanuka mara kadhaa ya upana wake, ilhali mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba upone na kuota gome jipya. Vazi la kweli la milima hii lilikuwa zito, la rangi ya udongo, lenye harufu ya moshi na mafuta. Nalo jukwaani lisingeng'aa.

Ametajwa Johnston; kabla yake alipita msafiri Stanley. Msafara wake wa kumtoa Emin Pasha, liwali wa Equatoria huko Sudani, ulipanda bonde la Semliki mwezi Mei na Juni 1889, ukapita chini ya milima yenye theluji na kutokea Katwe kwenye maziwa ya chumvi, na katika juzuu ya pili ya kitabu alichokitoa mwaka 1890 ameeleza jinsi watu wa Ukonjo walivyojipamba kwa pete nyembamba mno za nyuzi za henzirani, mamia kwa mamia, zikifunika vifundo vya miguu na kuzunguka mikono, na jinsi wakubwa walivyovaa vikuku vizito vya shaba. Nimeona vikundi vingi vya ngoma, wala sijapata kuona mchezaji hata mmoja aliyevaa pete hizo, ingawa henzirani haijaadimika na kazi yake haihitaji ila subira. Tena pete za namna hii hazikuwa pambo tu. Kuzunguka ziwa Kivu, vikuku vya nyuzi vilivyoitwa butega, ambavyo Watembo walikuwa mabingwa wa kuvisuka, vilihesabiwa na kupokewa sokoni kama fedha, hata mtu aliweza kuuvaa utajiri wake miguuni akasafiri nao.

Lakini shahidi yataka ajulikane alisimama wapi alipokuwa akitazama. Stanley alipita upesi, na bunduki mbele, katika vijiji ambavyo mara nyingi wenyewe walikuwa wamekwisha kimbia. Na picha nyingi za vitabu vya wakati ule zilichongwa na mafundi waliokaa Ulaya, wakikisia kwa maelezo yale wasiyoyaona kwa macho, na penye pengo wakaziba kwa kile wasomaji wao walichokuwa wakikitarajia kwa Mwafrika. Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyepita upande wa magharibi wa Rwenzori pamoja na Emin mwaka 1891 na kupanda bonde la Butagu, anastahili kuaminiwa zaidi katika mambo ya vyombo, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu ya viumbe aliyezoea kupima na kuchora alichokishika mkononi, na kitabu chake cha 1894 kimejaa michoro ya namna hiyo. Mwenye subira kuliko wote ni kioo cha kamera: picha alizopiga Vittorio Sella katika safari ya Duki wa Abruzzi mwaka 1906 zaonyesha nchi ile kwa utulivu ambao hakuna kalamu iliyoufikia. Hata hivyo picha nayo huweza kupangwa, na kadiri miaka inavyosogea mbele, ndivyo mpiga picha anavyozidi kumwomba mtu avue kaptula yake ya kaki na kuvaa kitu cha zamani.

Katika silaha, ardhi ya Beni imetushuhudia kwa kauli ya kustaajabisha, ila si kwa zama tunazozitafuta. Huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, pamoja na ule mfupa mashuhuri wenye mikwaruzo iliyopangwa, ambao umri wake hukisiwa kuwa miaka 20,000; na huko Katanda, juu ya mto huo huo, vikapatikana vyusa vilivyokisiwa kuwa na miaka 90,000. Mfupa umedumu, lakini gome, ngozi na henzirani huoza, na mpini wa mkuki huliwa na mchwa kabla ya mwenye mkuki kusahauliwa. Kwa hiyo mwenye kutafuta mkuki wa karne ya kumi na tisa sharti aufuate ulikochukuliwa, kama vile makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels. Na akifika huko asiutazame uso wake tu. Ngao yapasa igeuzwe, ionekane mshiko ulipo na mkono uliulainisha wapi. Mkuki yapasa upimwe uzito, na fumo lake lichunguzwe kama limepachikwa juu ya mti au mti umeingizwa ndani yake. Kibandiko kisomwe kwa hadhari. Kikiandikwa Beni, huenda kilimaanisha tu kwamba askari aliyekuwa katika kituo cha Beni aliinunua silaha hiyo, au aliinyang'anya, pahali pengine pa mbali.

Ajabu iliyopo ni kwamba silaha iliyo rahisi kupuuzwa ndiyo iliyokuwa kali. Mwezi Agosti 1887, huko Avisibba katika mto Aruwimi, mbali magharibi mwa Beni, Luteni Stairs wa msafara wa Stanley alipigwa kifuani na mshale ambao haukuwa na chembe ya chuma. Ulikuwa kijiti kilichochongwa ncha na kupakwa sumu, na wenzake kadhaa walikufa kwa mishale kama hiyo. Wambuti wa msitu wa Ituri wametumia vijiti vya jinsi hiyo kuwindia nyani hata katika zama zetu, vikiwa na jani mahali pa manyoya. Mbele ya habari hizi, mishale yetu ya jukwaani yenye vichwa vikubwa vya bati yafanana na mchoro wa mtoto.

Na bunduki je? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wadhanio kwamba ukale ni kutokuwapo kwa kitu cha kigeni. Miaka ya 1880 na 1890, ambayo ndiyo miaka ya vita vinavyoigizwa, Warasura, askari wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro, walikuwa wamekalia Katwe na njia za chumvi wakiwa na bunduki. Na kutoka magharibi walikuja Wamanyema wa Kilonga-Longa na wenziwe, watu wa kanzu na gumegume, wakitafuta pembe na watu, nao ndio walioileta lugha hii ninayoiandika mpaka ukingoni mwa msitu. Amerikani, ile nguo nyeupe iliyotoka Massachusetts kwa njia ya Unguja, ilikuwa imekwisha ingia katika biashara ya bara. Mtu akiigiza mwaka 1850 katika milima ya Mitumba, na azuie pamba yote nje ya jukwaa. Lakini akiigiza mwaka 1893, basi Mmanyema mwenye kanzu iliyochanika, begi la baruti na gumegume inayokataa kulia kwa sababu ya mvua ni kweli zaidi kuliko wapiganaji thelathini waliofungwa vitambaa vya chui.

Wazee wanayo sehemu yao katika uchunguzi huu, nayo ni kubwa. Padre Lieven Bergmans wa shirika la Waasumpsio alikusanya habari nyingi katika vitabu vyake juu ya Wanande, vilivyopigwa chapa Butembo katika miaka ya 1970. Randall Packard alitoa mwaka 1981 kitabu chake juu ya utawala wa Washu, walio miongoni mwa Wanande. Na Francesco Remotti wa Turin alianza kuwachunguza Wanande mwaka 1976. Mzee aliyekuwa na miaka tisini katika muongo ule alizaliwa kabla ya serikali ya Leopold kutia mguu milimani, naye aliweza kusema aliyoyavaa mwenyewe utotoni. Wa leo asema aliyoambiwa, na pengine aliyoyaona jukwaani siku za Mobutu; hivyo asiulizwe mababu walivaa nini, bali aulizwe kama amepata kuligusa gome, lilitunzwa wapi ndani ya nyumba, lilitolewa kwa ajili ya msiba au arusi, na lilipochakaa lilifanywaje. Katika majibu hayo madogo ndimo kweli hujificha, kwani hakuna chama kilichopata kutoa amri juu yake.

Kikundi kitakachotaka kuanza kesho hakitakosa pa kuanzia. Mbuzi wapo, na fundi wa kuwamba ngozi hakosekani. Nguo ya gome yapatikana ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwani Waganda wa upande wa Masaka wangali wakiiponda, na ufundi wao uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO. Lakini hiyo ni nguo ya Kiganda, pana, laini na nyekundu zaidi. Na kabla ya ngoma kulia, msemaji wa kikundi na awaambie watazamaji wazi kwamba gome hili limenunuliwa Buganda, kwamba pete za henzirani zimesukwa kwa kumfuata Stanley, na kwamba mwaka unaoigizwa ni 1889.