Redio ya upepo kwenye pikipiki
Redio ya upepo kwenye pikipiki ni chombo cha kuzungumza safarini bila mtandao wa simu. Aina ya CB (Citizens Band), iliyoenea Marekani, hutumia masafa ya megahezi 27, chaneli 40 na nguvu ya wati 4. Maiki hukaa ndani ya helmeti, kitufe kwenye usukani. Udhaifu wake mkubwa ni antena: wimbi lina urefu wa mita 11, na chuma cha pikipiki ni kidogo mno kuisaidia. Katika vilima vya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, madereva wa bodaboda hutegemea simu ya mkononi badala ya redio, ambayo ni hatari kuishika ukiendesha. Matumizi ya masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).